Kapasita si Betri Ndogo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kapasita ni betri ndogo inayojaa haraka. Hata mafundi hodari humweleza mteja hivyo, na si ajabu, kwa kuwa vyote viwili huchajiwa na vyote viwili hutoa umeme. Ukweli ni kwamba betri huhifadhi nishati katika kemikali zake, ilhali kapasita ni mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami chembamba, yaani kitu kisichopitisha umeme, kama plastiki au utando wa oksidi ya alumini. Inapounganishwa na chanzo cha umeme, elektroni hurundikana kwenye bamba moja na idadi ileile huondoka kwenye bamba la pili, na nishati hukaa katika uga wa umeme ulio kati yao. Ukijumlisha chaji zote za kapasita "iliyojaa" utapata sifuri, kwa maana chaji zimetenganishwa tu, hazikumiminwa ndani kama maji kwenye ndoo.

Betri hushikilia volti zake karibu palepale hadi inapokaribia kuisha, lakini volti za kapasita huanza kushuka mara tu inapoanza kutoa chaji. Kiasi nacho hakilingani: kapasita ya maikrofaradi 1,000 (kipimo cha uwezo wake wa kubeba chaji) iliyochajiwa kwa volti 12 ina jouli (kipimo cha nishati) 0.072 tu, wakati betri moja ya rimoti ina maelfu ya jouli.

Udogo huo usimdanganye mtu, kwani kapasita huweza kutoa kidogo ilichonacho kwa mkupuo mmoja. Wengi huamini kwamba kifaa kikishachomolewa plagi hakina tena umeme. Katika pawasaplai ya kompyuta, yaani kisanduku kinachoilisha umeme, umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu) hufikia volti 325 hivi, na kapasita ya maikrofaradi 220 hubaki na jouli karibu 12, zinazotosha kumjeruhi mtu. Desturi ya kugusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili kuimaliza chaji hutoa cheche kali, huunguza ncha ya bisibisi na huweza kuiharibu kapasita yenyewe. Njia ya fundi makini ni kuiunganisha miguu hiyo kwa rezista (kipande kinachozuia mkondo usipite kwa kasi) ya ohm 2,000, ya wati 5 au zaidi, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri: kila baada ya sekunde 0.44 volti hubaki asilimia 37 ya zilizokuwapo, hivyo sekunde tatu zinatosha kuzishusha chini ya volti moja. Hata hivyo, mita ya volti ndiyo ithibitishe kabla ya kidole.

Feni ya dari nayo ina dhana yake. Ikianza kuvuma bila kuzunguka, mpaka isukumwe panga kwa mpini wa ufagio, husemwa kwamba kapasita "haitunzi tena moto" wa kuiamsha. Kwa kweli kapasita ile haitunzi umeme wa kuiamsha mota. Katika mkondo geu wa hezi 50, yaani unaogeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, hujaa na kumwaga chaji mara 100 kila sekunde, bila elektroni kuvuka kihami, na kwa kufanya hivyo huufanya mkondo wa koili saidizi (mzingo wa pili wa waya ndani ya mota) upishane kwa wakati na ule wa koili kuu. Kupishana huko ndiko kunakozungusha uga wa sumaku. Kapasita ya maikrofaradi 2.5 ikichakaa hadi 1.5, mzunguko huo hudhoofika. Kuweka kubwa zaidi ili feni ikimbie ni kosa, maana koili saidizi hupitisha mkondo kuliko ilivyokusudiwa na kupata moto. Mbadala wake uwe na maikrofaradi zilezile, lakini volti zilizoandikwa zinaweza kuwa zilezile au zaidi, kwa sababu namba hiyo ni kikomo cha kile ambacho kihami kinastahimili, si umeme ambao kapasita itatoa.