Ufufuo: neno tunalolisikia makaburini

Majuzi nilikuwa kwenye mazishi ya kijana mmoja nje kidogo ya Kampala, upande wa barabara ya Mityana. Hema la kukodi, viti vya plastiki, na mezani daftari la mabugo, yaani michango ya rambirambi, mtu akiandika nani katoa shilingi ngapi. Wafiwa walikuwa mchanganyiko, wengine wametoka Busia, wengine kambini, kwa hiyo mchungaji alihubiri kwa Kiganda kisha akarudia kwa Kiswahili. Neno "ufufuo" alilirudia tena na tena. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniinamia: "Mwanangu, kwa ajili ya huyu tulifunga siku saba. Kama Mungu ana huo uwezo, mbona tunamzika?"

Swali lake ndilo linalofaa kuanzia, kwa sababu wengi tunalitumia neno hili kwa maana mbili bila kujua.

Chungulia kwanza neno lenyewe. Ndani ya "fufua" yumo "mfu", na kiishio chake ni kile kinachotengua jambo: funga, fungua, ziba, zibua. Kufufua ni kumtengua mtu kutoka katika kufa. Waganda wameliona kwa jicho jingine. Kwao kuamka usingizini ni okuzuukuka, na kufufuka ni okuzuukira, maneno ya ukoo mmoja, ndiyo maana Pasaka yao inaitwa pia Amazuukira. Biblia ya Kiswahili ina vilevile "kiyama", neno tunalochangia na ndugu zetu Waislamu, na hilo hubeba hasa siku yenyewe, siku ya mwisho.

Sasa zile maana mbili. Ya kwanza ni ya Lazaro wa Bethania, katika Yohana sura ya 11. Amekaa kaburini siku nne, hata dada yake Martha anamwonya Yesu: "Bwana, ananuka sasa." Yesu anamwita, naye anatoka amefungwa sanda mikono na miguu, mpaka watu waambiwe wamfungue. Ni muujiza mkubwa, lakini tazama alichopewa: maisha yaleyale aliyoyaacha. Sura inayofuata tu, wakuu wa makuhani wanapanga kumwua. Lazaro alirudi nyuma. Siku moja walimzika mara ya pili, na sidhani kama Martha alilia kidogo kuliko mara ya kwanza.

Ya pili ni ya Yesu mwenyewe. Petro anapoingia kaburini anakuta vitambaa vimelala, na leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake. Hakuna aliyemfungua. Hakurudi nyuma kwenye uhai unaokufa. Alipita kifo akatokea upande wa pili, na kifo hakimwezi tena. Ufufuo ambao Wakristo wanaukiri katika imani ni huu, na Paulo anausema kwa lugha ya mkulima: mwili hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutoharibika. Mbegu ya mahindi haichimbuliwi ikiwa mbegu ileile.

Nalikazia jambo hili kwa sababu mjini hapa hazikosekani habari za nabii aliyemfufua mtu mtaa fulani, na watu hudhani imani kubwa ni hiyo, maiti ainuke mbele ya kamera. Hata angeinuka, angekuwa Lazaro mwingine.

Basi kuuamini uwezo wa Mungu juu ya kifo si kuwa na hakika kwamba mgonjwa wetu hatakufa. Vijana watatu katika kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru la moto, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Wao moto haukuwadhuru. Pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, wengi wao watumishi vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliwekwa motoni na moto ukawateketeza. Imani ni ileile, mwisho tofauti. Na kila mwaka tarehe hiyo barabara ya Namugongo hujaa mahujaji, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi. Hakuna anayekwenda kule kuomboleza walioshindwa.

Waganda wenyewe walikuwa na hesabu na kifo kabla mmisionari hajafika. Katika hadithi yao, Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi walipokuwa wakishuka duniani kutoka mbinguni walirudi kuchukua ulezi, nafaka ya kulisha kuku wao, wakafuatwa na Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye ndiye Kifo. Kayikuzi, kaka yao mwingine, akatumwa kumkamata. Watu waliagizwa wajifungie kimya, lakini watoto walipiga kelele, na Walumbe akazama ardhini kule Ttanda, kwenye mashimo ambayo watu huyatembelea hadi leo. Hadithi inaishia hapo, mshtakiwa hajakamatwa. Sherehe ya kumaliza matanga na kumsimika mrithi inaitwa okwabya olumbe, kana kwamba watu wanakipasua kifo chenyewe. Mimi naona Paulo angeielewa haraka: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Kwake pia kifo ni adui. Ila yeye anasema atakamatwa.

Na kama ni adui, kumlilia aliyechukuliwa si upungufu wa imani. Yesu alijua anakwenda kumwita Lazaro, na bado alilia. Hospitali nayo haishindani na ufufuo, maana hata mgonjwa akipona leo, iko siku tutamzika.

Yule mama nilimsimulia habari ya Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Waanglikana hapa Kampala. Mwaka 1977, Februari, Askofu Mkuu wa Waanglikana Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lake lilichimbwa pale, karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lakini serikali haikuleta mwili. Alizikwa kwao Mucwini, huko Kitgum. Watu walisimama kilimani mbele ya shimo tupu, wakakumbushwa maneno ya malaika: "Hayupo hapa, amefufuka." Mwili wa Luwum ungali Mucwini. Waliosimama pale walilijua hilo, na walimaanisha walichosema.

Mama akanyamaza, akitazama wale wanaokunja lubugo, kitambaa cha gome la mti, kumfunika kijana.

"Kwa hiyo huyu wetu naye anangoja."

"Anangoja, mama."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akanyanyuka kwenda kuuliza siku ya olumbe imepangwa lini.