"Malaria imempanda kichwani": tunayoyaamini kuhusu ubongo, na yaliyopo

Dhana: Malaria ikipanda kichwani, vimelea huingia kwenye ubongo na kuula.

Hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Masaka utaisikia, na si ya kuchekwa: mtoto mwenye degedege anaonekana kweli kama aliyevamiwa kichwani. Ila vimelea vya Plasmodium falciparum havitoki ndani ya mishipa ya damu. Hukaa ndani ya chembe nyekundu, nazo huota vinundu vinavyonata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Mojawapo ya vitu ambavyo vinundu hivyo hushika ni kipokezi kiitwacho EPCR, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuupitishia ukuta wa mshipa ujumbe wa kuutuliza, usivuje na damu isigande ovyo. Kikishikwa, ujumbe haupiti. Ukuta unalegea, maji yanapenya, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliowapiga watoto picha za MRI waliripoti mwaka 2015 kwamba kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Ubongo uliovimba hukandamiza shina lake, na shina hilo ndilo linaloendesha pumzi.

Dhana: Basi apewe dawa ya kutuliza uvimbe.

Hapa ndipo ninapopata hasira, maana deksamethasoni, "dexa" ya mtaani, watu huinunua dukani kama peremende. Hoja yenyewe inavutia. Dawa hii huingia ndani ya seli na kuikaba NF-kappa B, swichi inayoamuru seli itengeneze saitokini, yaani kemikali ambazo kinga ya mwili hutumiana kama ujumbe. Ujumbe ukinyamaza, uvimbe si utashuka? Mwaka 1982 jambo hilo lilijaribiwa Thailand kwa wagonjwa wa malaria ya ubongo. Waliopewa deksamethasoni walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi, na wengi zaidi walitokwa na damu tumboni.

Halafu kuna homa ya uti wa mgongo ya kuvu aina ya kriptokokasi, inayowaandama sana wenye VVU. Jaribio la nchi sita, Uganda ikiwemo, lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakatoka mwaka 2016: dawa hiyohiyo iliongeza ulemavu, na kuvu wakawa wanakufa polepole zaidi. Lakini kwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo, deksamethasoni ikitolewa pamoja na dawa za TB hupunguza vifo. Uvimbe unafanana, majibu yanapishana. Wakati mwingine ujumbe unaonyamazishwa ndio uliokuwa ukiita kinga ije kupigana. Kwa hiyo muuza duka hawezi kukuamulia. Kwanza ijulikane ugonjwa ni upi.

Dhana: Manjano hutuliza ubongo.

Kwenye sahani ya maabara, kemikali iliyomo ndani ya manjano, kile kiungo cha chakula, huibana kweli NF-kappa B. Ukiila, utumbo hunyonya kiasi kidogo mno. Weka kwenye pilau.

Dhana: Kinga ikifanya kazi ndani ya ubongo, huo tayari ni ugonjwa.

Ubongo una walinzi wake, seli za mikroglia, alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Huzoa seli zilizokufa, na utotoni hupunguza viungio visivyohitajika kati ya neva. Tatizo huja zikiendelea kupiga filimbi wakati mwizi keshaondoka: saitokini zinazidi kumwagika na neva zenye afya zinaumia.

Dhana: Mtoto akizinduka, yamekwisha.

Watafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Miaka miwili baadaye, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Kwa watoto wenzao wa mitaa ileile, hawakufika mmoja kati ya kumi. Waliokuwa na TNF nyingi, mojawapo ya zile saitokini, katika maji ya uti wa mgongo ndio walioelekea kufanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya umakini miezi sita baadaye.

Kwa hiyo mzazi, ukimrudisha shuleni mwambie mwalimu wake kwamba alilazwa, na kwa ugonjwa gani, kabla hajaitwa mvivu mbele ya darasa.