Kanisa la pango: maana yake na mfano wa Antiokia

Kanisa la pango ni mahali pa ibada ambapo mwamba wenyewe, uwe umejichimba kwa asili au umechongwa na watu, ndio unaokuwa kuta na dari, huku kazi ya fundi ikibaki ndogo: altare, sakafu, pengine ukuta wa mbele wenye milango. Kwa hiyo Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu kule Bethlehemu haliingii sawasawa katika maana hii, kwa kuwa pale pango limebaki chini ya jengo kubwa na hufikiwa kwa kushuka ngazi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kanisa la Mtakatifu Petro, lililo kwenye mteremko wa mlima kando ya Antakya, kusini mwa Uturuki, mji ambao ndio Antiokia ya Biblia. Pango lina kina cha mita 13 hivi, upana usiofika mita 10 na kimo cha mita 7. Umati wa Jumatatu ya Pasaka wa kigango kidogo ungeweza kulijaza.

Mapokeo husema kwamba Petro alihubiri humo, na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kufika kwa Petro Antiokia kuna ushahidi wa maandiko, maana Paulo mwenyewe, katika Waraka kwa Wagalatia, anasimulia jinsi alivyompinga ana kwa ana katika mji huo, nayo Matendo ya Mitume 11:26 inasema kwamba ni hapo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Lakini kwamba alihubiri ndani ya pango hili hasa ni mapokeo, kwa kuwa alama kongwe za ibada zilizobaki, yaani vipande vya mosaiki (mapambo ya vijiwe vilivyopangwa) sakafuni na mabaki ya michoro karibu na altare, hukadiriwa kuwa za karne ya 4 au ya 5. Kwa maoni yangu pengo hilo la miaka haliishushi hadhi sehemu hiyo, kwani patakatifu pa hija hujengeka kwa vizazi vinavyorudi kusali palepale.

Ndani ya pango maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mwamba, na waamini waliyakinga kwa ajili ya kunywa, kubatizia na kuwapelekea wagonjwa. Upo pia mdomo wa njia ya chini kwa chini inayoelekea mlimani, ambayo husimuliwa kuwa Wakristo waliitumia kutoroka waliposhambuliwa.

Askari wa Vita vya Msalaba waliuteka mji mwaka 1098, wakalirefusha kanisa kwa mbele na kulipa uso wa mawe. Mwaka 1268 Sultani Baibars wa Misri akauteka na kuuharibu mji. Uso unaoonekana leo ni kazi ya watawa Wakapuchini, walioujenga upya mwaka 1863 kwa agizo la Papa Pius IX.

Siku hizi pango ni makumbusho, ingawa ibada bado hufanyika humo kwa nyakati maalumu, hasa tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 lilibomoa sehemu kubwa ya Antakya, likiangusha hata kanisa la Waorthodoksi lililokuwa katikati ya mji, lakini kanisa la pango lilibaki limesimama.