Ufikivu wa huduma za afya za kidijitali ni nini?

Huduma ya kidijitali ina ufikivu pale kila anayeihitaji anapoweza kuitumia mwenyewe, bila kuomba mtu amsomee wala amjazie. Kwenye afya jambo hili ni zito, maana anayekusomea majibu ya kipimo cha VVU ameshaijua siri yako.

Chukua tangazo la chanjo. Mara nyingi husambazwa WhatsApp kama bango: siku, kituo na umri wa watoto vimo ndani ya picha. Simu ya asiyeona huwa na kisoma-skrini, kwa mfano TalkBack ya Android, kinachosoma maandishi kwa sauti. Kikifika kwenye bango, mara nyingi hutamka "picha" na kupita. Maelezo yaleyale yakiandikwa chini ya picha, mama asiyeona anasikia kuwa chanjo ni Jumanne, aje na kadi ya mtoto. Ni kazi ya dakika chache, na inauma kuona inavyosahaulika.

Kiziwi naye hasaidiwi na namba ya kupiga bure. Anahitaji SMS, au video yenye lugha ya alama, ambayo Katiba ya Uganda ya 1995 inataka iendelezwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 nayo inakataza kuwabagua katika huduma za afya.

Lakini ufikivu hauishii kwenye ulemavu. Wapo wenye simu za kitochi, na wapo wasio na hela ya bando. Mfumo wa mTrac wa Uganda, ulioanza 2011, uliwawezesha wahudumu wa vituo vya afya kutuma ripoti za magonjwa na dawa kwa SMS tu. Mgonjwa anastahili wepesi huohuo. USSD, yaani menyu inayofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli, haihitaji intaneti, ila menyu yake hujifunga ukichelewa kujibu. Mzee wa Arua, mji wa Uganda, anayesoma polepole hujikuta anaanza upya. Menyu iwe fupi, na iwepo kwa Kilugbara, Kiganda, Kiateso au Kiswahili, si Kiingereza pekee.

Wasioona, viziwi, wazee na wenye simu za kitochi waujaribu mfumo wowote mpya kabla haujazinduliwa, kwa sababu kuurekebisha baadaye ni ghali. Na asiye na simu kabisa? Aandikishwe palepale mapokezi, aingie foleni moja na waliojisajili kwa simu.