Kitenzi "renew" kimetoka wapi?

Bima ya gari ikiisha utasikia mtu akisema anakwenda "ku-renew". Sisi tunaoshughulika na kamusi huulizwa mara kwa mara maana hasa ya neno hilo, na jibu linaanzia kwenye asili yake, maana ni neno chotara. "Re-" ni kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "tena". "New", yaani "mpya", ni Kiingereza cha asili.

Si kwamba Waingereza hawakuwa na neno lao. Katika Kiingereza cha kale walisema "edniwian", na hapo "ed-" ndiyo iliyobeba "tena". Kisha Wanormani wakaiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikatawala ikulu na mahakamani, na maneno yenye "re-" yakamiminika mpaka "ed-" ikafa. Kufikia mwishoni mwa karne ya 14, "renew" ilikuwa imeshaingia katika maandishi. Kilatini chenyewe kilisema "renovare", na Kiingereza kikalichukua hilo nalo baadaye: ndilo "renovate", la kukarabati majengo.

"New" ina ndugu wengi: "neu" ya Kijerumani, "novus" ya Kilatini, na "now" ya Kiajemi. Hiyo ya Kiajemi imefika hadi kwetu pwani ndani ya Nairuzi, "siku mpya", sikukuu ya mwaka mpya ambayo watu wa Makunduchi, Zanzibar, huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Kwenye maana ndipo penye utata. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "renew" katika Zaburi 51:10 na pia Isaya 40:31, ilhali Kiebrania kina vitenzi viwili tofauti. Cha Zaburi ni kukifanya kitu kilekile kiwe kipya. Cha Isaya ni kubadilisha, kilichochoka kikapishwa na kingine. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema "uifanye upya roho" kule, na huku "watapata nguvu mpya". Kwa maoni yangu, hapo Kiswahili kimekikaribia Kiebrania kuliko Kiingereza.

Kwa hiyo usitafute neno moja la kufaa kila mahali. Leseni na bima huhuishwa, neno la Kiarabu lenye nasaba moja na "hai" na "uhai", na linafaa kwa kuwa hati iliyopitwa na muda haina nguvu. Mkataba unaweza kuhuishwa au kufungwa upya, kutegemea kama masharti yamebadilika. Kitabu cha maktaba, omba tu uongezewe muda.