Mafuta Yakimwagika Lamu: Uzio Uwekwe Wapi, na Lini Yaachwe

Hakuna nchi iliyowahi kuyaokoa mafuta yote yaliyomwagika baharini. Hata zana zikiwa tayari, ni nadra kiasi kinachozolewa juu ya maji kupita asilimia 10 hadi 15. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, Marekani ilitoa maelfu ya vyombo, na bado makadirio ya serikali yake yalionyesha kuwa mashine za kukwangua mafuta juu ya maji zilipata kama asilimia 3, na moto ukateketeza kama asilimia 5. Kwa hiyo anayepanga kazi Lamu aanze na swali jingine: mafuta haya yatafika nchi kavu, tunataka yafikie wapi?

Jibu letu ni fukwe za mchanga, hata kama ni zile za watalii upande wa Shela. Mchanga husafishika kwa koleo na reki. Mikoko haisafishiki. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni. Mafuta mazito yakivipaka, vitundu vya hewa huzibika na mti unaweza kukauka miezi kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Ndiyo maana nguvu ya kwanza iende kwenye milango ya mahori, yaani mikono myembamba ya bahari inayoingia mikokoni.

Zana ya mlangoni ni uzio wa kuelea: maboya juu, sketi chini ya maji, na mnyororo wa kuizamisha sketi. Udhaifu wake ni mkondo. Maji yakiukabili moja kwa moja kwa kasi inayozidi noti 0.7, yaani takriban mita 0.35 kwa sekunde, mafuta hupita chini ya sketi hata uzio uwe mpya kiasi gani. Kupima hakuhitaji mtambo. Tupa kumbi la nazi majini ulihesabie mita 10. Likizimaliza kabla ya sekunde 28, usiukingamishe uzio. Ulaze mshazari, mafuta yateleze kandokando yake hadi kwenye maji yaliyotulia, ambako pampu inasubiri. Mkondo wa noti 1 unataka pembe ya nyuzi 45 kutoka uelekeo wa maji, noti 2 nyuzi 20, noti 3 nyuzi 13. Kadiri unavyoulaza ndivyo unavyohitaji uzio mrefu zaidi, na hapo ndipo mipango mingi huharibika: watu hupima upana wa mlango wa hori wakaagiza urefu huohuo.

Kosa la pili ni kusahau bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya Lamu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, kwa hiyo uzio uliofungwa kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa utaning'inia yakipwa, na uliolala juu ya tope utaacha mianya. Mwisho wa uzio ufungwe kwenye boriti kwa pete inayopanda na kushuka, na pawe na watu wa kuulinda usiku na mchana. Uzio usio na mlinzi ni mapambo.

Upepo nao una hesabu yake. Mafuta hufuata mkondo kikamilifu, na juu ya hapo huongezewa kama asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma kwa noti 20 peke yake huyasukuma zaidi ya kilomita 6 kwa saa sita. Kusi hiyohiyo huinua mawimbi, na yakipita mita moja mashine za kukwangua hunywa maji kuliko mafuta. Kuchoma nako hugoma, kwani moto hautashika mafuta yakiwa membamba kuliko milimita 2 au 3. Miezi ya Juni hadi Agosti, nje ya visiwa, tusizitegemee njia hizo mbili.

Dawa za kutawanya mafuta zina mahali pake: bahari yenye kina kinachozidi mita 20, mbali na matumbawe na nyasi za bahari, ndani ya saa chache za mwanzo. Baada ya hapo mafuta mazito huchanganyika na maji yakawa uji mzito wa kahawia, mara tatu hadi tano ya ujazo wake wa awali, na dawa haisaidii kitu. Ndani ya Mkanda, njia nyembamba ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, zisipigwe kabisa. Sabuni ya unga pia isimwagwe. Huko Uingereza mwaka 1967, baada ya ajali ya Torrey Canyon, sabuni za viwandani ziliua viumbe wa ufukoni kuliko mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ya Turkana, yakija kusafirishwa kupitia hapa, yatakuwa habari nyingine: yana nta nyingi, huganda hata kwenye joto la bahari yetu, na yatazolewa kwa nyavu na vichoteo.

Wanakijiji wanaweza kufanya mengi kabla mafuta hayajafika. Mauritius, mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipovuja, watu walishona nyavu wakazijaza majani ya miwa. Hapa makumbi yaliyochambuliwa yanafaa, mradi yawe ndani ya nyavu, hori liwe tulivu, na yabadilishwe kabla hayajalowa yakazama. Yakimwagwa ovyo majini yanageuka taka nyingine. La maana zaidi: ondoeni mwani na vigogo ufukoni, mvipandishe juu ya alama ya maji makuu. Kila gunia la mwani safi lililoondolewa leo ni gunia moja pungufu la taka ya sumu kesho, na taka inaweza kufika mara 30 ya mafuta yaliyomwagika.

Mafuta yakishafika mchangani, subirini yakome kuja ndipo mkwangue tabaka la juu tu. Trekta huyafukia. Vaeni glovu na viatu vya mpira, na gunia lisizidi kilo 15. Yakiwa yameingia mikokoni, msikate miti wala kukanyaga tope, kwa sababu mguu huyashindilia kwenye mizizi. Huoshwa kutoka kwenye mashua, kwa maji ya bahari yasiyo na kishindo, maji yakianza kupwa, uzio ukisubiri nje. Yakiwa kidogo na yameshakauka, yaachwe.

BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ziweke daftari: nani alifanya kazi saa ngapi, magunia mangapi, nyavu zipi zimechafuka, na picha zenye tarehe. Anayedai fidia ya samaki ataulizwa alivua kilo ngapi kabla ya ajali, na daftari la mapato la miezi iliyopita ndilo litakalomjibia.