Kunyoosha barabara sio dawa ya mwendokasi

Kijiweni hapa Tanga ukitaja tu ajali za njia ya Segera utasikia "tatizo kona, wanyooshe barabara yaishe". Jamani sio hivyo. Dereva anaendesha kwa macho kuliko kwa kibao, akiona lami pana, imenyooka, mkonge kushoto na kulia mpaka macho yanapoishia, mguu unazama wenyewe na kibao cha 50 pale kijijini anakipita kama hakipo. Kona zikifuatana anapunguza mwenyewe bila trafiki.

Kona ya kuogopa ni ile moja kali inayokuja baada ya kipande kirefu kilichonyooka, maana mtu ameshazoea 100, akishuka 80 anajiona anatambaa kumbe bado yuko mbio. Na kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kulishikilia gari kwenye kona ileile inakuwa mara nne, sio mbili, matairi yakishindwa ndo unakuta basi mtaroni.

Ndo maana mhandisi anayejua kazi anapanga kona zisipishane sana ukali, anainamisha lami kuelekea ndani ya kona, na karibu na makazi anaibana barabara ili dereva apunguze kabla hajayafikia matuta.